Njombe ni mbali, watoto ni watatu, na baba yao hataki kusimama njiani

Anti shikamoo,

Naomba usiweke jina langu wala ninapofanya kazi maana wifi zangu wanasoma sana hii safu. Nina miaka 33, ndoa yetu ina miaka saba, tunaishi Dar huku Mbezi na tuna watoto watatu. Wa kwanza wa kike anakaribia miaka sita, wa pili wa kiume ana mitatu na nusu, wa mwisho ametimiza mwaka mwezi uliopita tu. Mume wangu ni Mbena wa Njombe na kila Desemba lazima twende kwao Krismasi. Mimi kwenda sina tatizo nako kabisa, mama mkwe ananipenda na mimi nampenda, ile baridi yao, maparachichi ya pale uani, watoto kukimbia kwenye majani bila kuogopa bodaboda, vyote navipenda. Tatizo langu ni barabara. Yaani ni ile siku ya kwenda na ile siku ya kurudi.

Desemba iliyopita tulitoka nyumbani saa tisa usiku kwa sababu baba watoto anasema ukichelewa hapo unakutana na foleni ya Kibaha mpaka Mlandizi alafu malori yote yameshaingia barabarani. Mimi nilikuwa nimelala masaa mawili tu, nilikuwa nafunga mizigo na kupika vya njiani, na yeye alirudi kazini saa mbili akalala saa nne. Mdogo alikuwa na miezi mitatu, nikampakata. Hawa wakubwa nikawalaza siti ya nyuma pembeni yangu bila mkanda maana walikuwa wamelala. Mpaka Morogoro mambo mazuri kabisa, nikasema Mungu mkubwa mwaka huu tutafika kwa amani. Pale Msamvu watoto wakaamka nikamwambia tusimame wachimbe dawa, akasema tumalize Mikumi kwanza. Mikumi akasema ndani ya hifadhi huwezi kushuka, na ni kweli, lakini tulipotoka hifadhini akasema tusogee mpaka Ruaha Mbuyuni tutasimama mara moja tu. Wa kiume akajikojolea. Akaanza kulia, mdogo naye akaamka akalia, dada yao akaanza kulalamika harufu, nikampa simu aangalie katuni angalau mmoja anyamaze.

Mbuyuni tukasimama dakika kumi, tukanunua chips mayai na soda za baridi wakala haraka haraka humo humo kwenye gari, tukaanza kupanda Kitonga. Katikati ya mlima malori mawili yamekwama, foleni haisogei, tulikaa karibu masaa matatu. Binti yangu akatapika. Alijitapikia yeye, akamtapikia mdogo wake, kitenge changu, na kichanga niliyempakata. Maji tulikuwa nayo chupa moja ya kunywa, nguo za kubadilisha zipo kwenye buti chini ya mizigo yote na nje ni kona na malori. Ndo mume wangu akapiga usukani akaniambia, "Hivi wewe kazi yako ni nini huko nyuma? Si kuwanyamazisha tu?" Anti, mbele ya watoto. Hayo maneno mpaka leo sijayasahau.

Tulipofika Ilula nikawasafisha kwenye sheli moja, na hapo nikafanya kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Kwenye mkoba nilikuwa na dawa ya maji ya mafua iliyobaki, ile ya kusinzisha, nikawapa wakubwa wote wawili baba yao akiwa anajaza mafuta. Wa kiume alilala usingizi ambao sijawahi kuuona, shingo inaanguka huku na huku, nikawa naweka mkono puani kwake kuona kama anapumua, nimefanya hivyo mpaka Makambako. Dada yake hakulala kabisa, ndo kwanza akachachamaa, anacheka, analia, anaruka, hajijui. Tumefika Njombe saa mbili usiku, masaa kumi na saba. Njiani tulipigwa tochi za mwendokasi mara tatu kwa sababu alikuwa anafidia muda, kila moja faini elfu thelathini. Na kitu cha kwanza baada ya kuzima gari, kabla hata ya kumsalimia mama yake, alitoa simu akaandika kwenye grupu la kaka zake "nimefika", maana wale huwa wanashindana nani katoka Dar saa ngapi kafika saa ngapi. Mama mkwe alimwangalia mjukuu wake akaniuliza huyu anaumwa? Nikasema amechoka tu mama.

Sasa Oktoba hii ameanza tena kupanga. Nikamwambia tulale Iringa usiku mmoja, akasema ni kutupa hela, utalalaje gesti wakati kwenu kupo hapo mbele. Nikamwambia basi mimi na watoto tupande basi, akasema nina gari alafu wanangu wapande basi? Nikamwambia nimsaidie kuendesha, nina leseni mwaka wa nne na kazini naenda na gari kila siku, akacheka. Kwa hiyo ninachowaza ni kumwambia nimenyimwa likizo, aende mwenyewe. Lakini mama mkwe ana miaka 74, mwaka huu presha imemsumbua, kila akipiga simu anasema nileteeni wajukuu niwaone. Na wiki iliyopita binti yangu alitusikia tunaongelea Njombe akaniuliza, "Mama, ni kule kwa bibi wa kutapika?" Nilienda bafuni nikalia.

Anti nifanyeje? Nidanganye likizo? Nivumilie tu maana ni siku moja? Na kama kuna namna ya kuwafanya watoto watulie garini masaa yote hayo nielekeze, au kama kuna dawa ambayo ni salama.

Mama wa watatu, Dar es Salaam

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mimi nimelea wanne na hiyo barabara naijua tangu enzi za kupakata mtoto kwenye basi, kwa hiyo nilipofika pale Kitonga kwenye barua yako ilibidi niiweke chini kwanza nipumue.

Nianze na ile dawa, kwa sababu naamini ndo iliyokuandikisha hii barua japo umeipitisha katikati kama kitu kidogo. Hukufanya kwa ubaya. Umelala masaa mawili, umetapikiwa, umefokewa mbele ya wanao, mkono ukaenda kwenye mkoba. Wamama wengi wamefanya hivyo na wamenyamaza kama ulivyonyamaza wewe. Lakini umeniuliza kama kuna dawa salama ya kuwatuliza na hapo sitazunguka: dawa ya mafua ya kusinzisha si ya kumlazia mtoto ili safari iende. Baadhi ya dawa za kundi hilo zinaweza kudidimiza pumzi ya mtoto mdogo, ndo maana promethazini haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na ule mkono uliokuwa unauweka puani kwa mwanao mpaka Makambako ulikuwa unajua unachokiogopa. Kilichompata dada yake nacho kinajulikana kwa madaktari, wapo watoto ambao hizo dawa badala ya kuwalaza zinawachachamaza. Kama binti anatapika kila safari, dawa za kichefuchefu cha safari zipo, ila nenda kwa daktari Novemba na mtoto mwenyewe apimwe uzito, usingoje famasi ya njiani. Na huyo daktari mwambie ulichoniambia mimi. Amesikia mengi, na atakushauri vizuri zaidi akijua yote.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Unaniambia shida yako ni barabara, na unaniomba namna ya kuwafanya watoto watulie. Hebu isome tena barua yako taratibu. Mpaka Morogoro walikuwa wametulia. Kilio cha kwanza ni cha mtoto wa miaka miwili na kitu aliyebanwa mkojo kutoka Msamvu mpaka Mbuyuni. Cha pili ni cha kichanga aliyeamshwa na kilio cha kwanza. Dada yao katapika kwa sababu kala chips za mafuta na soda, kainamia simu, alafu gari likaingia kwenye kona. Mimi hapo sioni watoto wakorofi mwanangu, naona watoto waliokuwa wanasema kwa lugha waliyonayo kwamba wamebanwa, wamechoka, wanaumwa. Umri huo wa kuanzia miaka miwili mpaka kama kumi na mbili ndo kichefuchefu cha gari kinasumbua zaidi. Sikio la ndani linasikia gari linapinda, jicho limeganda kwenye katuni na linaona kila kitu kimetulia, ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndo linalipa. Simu iliyomnyamazisha ndo iliyomtapisha. Sikusemi, ulikuwa unazima moto kwa ulichonacho mkononi, ila nataka uone kwamba yale maneno ya mumeo, kwamba kazi yako ni kuwanyamazisha, umeyabeba mpaka umeniletea mimi kama swali lako mwenyewe.

Tuje kwa baba watoto. Kwa ulivyoandika ni rahisi kumuona ni mtu asiyejali, na ile kauli ilikuwa mbaya, wala siipaki rangi. Ila nakuomba umtazame na yeye siku ile. Kalala masaa matano kama si pungufu, yupo peke yake kwenye usukani, zaidi ya kilomita 700, malori ya Zambia na Kongo mbele na nyuma, nyuma yake watoto watatu wanalia na hawezi kugeuka hata kumshika mmoja. Mwanaume akiogopa mara nyingi kinachotoka ni ukali. Na lile grupu la kaka zake lisikufanye ucheke wala ukasirike, mpe siku moja nafasi ya kukueleza. Muulize mkiwa wawili, jioni ya Jumapili, siyo garini na siyo mbele ya watoto: wewe ulipokuwa mdogo mlikuwa mnasafirije? Kwa nini kufika siku hiyo hiyo ni muhimu hivi kwako? Sijui atajibu nini. Inawezekana ni hela kweli, inawezekana ni mama yake kumuona amefika akiwa na gari lake na familia yake, inawezekana hajawahi kujiuliza. Lakini kwa sasa unabishana na "hapana" yake bila kujua imetoka wapi.

Kama ni hela, basi hesabu unayo mwenyewe na wala sidhani kama uliiona wakati unaandika. Tochi tatu ni elfu tisini. Hiyo elfu tisini ameilipa ili asitupe hela ya gesti. Ukimwambia hivyo kwa kumkomoa utaharibu kila kitu, ila ukikaa naye na karatasi mkaandika mafuta, chakula, faini za mwaka jana na bei ya chumba, ataiona mwenyewe.

Kulala Iringa nakupa uzuri wake na ugumu wake. Uzuri ni kwamba Kitonga mnakuwa mmeshaimaliza, na kesho yake barabara ya Mafinga ni msitu wa misindano wa Sao Hill, hewa ya baridi, watoto wameamka wazima, mnafika kwa bibi mchana jua linawaka mkiwa mmeoga. Na si lazima mpande mpaka mjini juu, pale Ipogolo barabarani kuna loji. Ugumu ni kwamba Desemba vyumba vinajaa, kwa hiyo msipopiga simu mapema mnaweza kuzunguka usiku na watoto wanalia, na hapo mumeo atapata ushahidi wa mwaka mzima kwamba wazo lako lilikuwa bovu. Pia kuna watoto wakilala ugenini hawalali, mnaamka wote mmechoka. Kuna wanaolala Mikumi badala ya Iringa, safari ya kwanza inakuwa fupi sana lakini Kitonga mnaiingia asubuhi mkiwa na nguvu.

Kwenda siku moja nako kunawezekana, nisiseme uongo, wapo wanaofanya hivyo na watoto wadogo na wanafika salama. Ila siyo kwa kusimama mara moja. Kila masaa mawili watoto washuke, wakimbie, wachimbe dawa, mdogo anyonyeshwe gari likiwa limesimama na yeye apate kunyooka mwili. Mkisimama mara sita dakika ishirini ishirini ni masaa mawili tu, na Desemba iliyopita Kitonga peke yake iliwala matatu. Sasa hiyo saa tisa usiku ndo inanitia wasiwasi kuliko vyote. Ni kweli watoto wanalala, lakini ndo muda ambao mwili wa dereva nao unataka kulala kuliko muda mwingine wowote, na mchana kama saa nane usingizi unarudi tena. Mkitoka saa kumi na moja, yeye kalala saa mbili usiku mizigo imeshapakiwa tangu jana yake, foleni ya Kibaha mtaikuta ndiyo, ila mtakuwa na dereva aliyepumzika. Hapo unachagua ubaya upi uubebe.

Basi unalijua. Madereva wanapokezana, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 unaweza kuwapandisha watoto wamelala. Lakini halisimami mtoto wako akibanwa, kiti cha mtoto hamna, na tiketi za Desemba ni vita. Na hilo la "nina gari alafu wanangu wapande basi" linamuuma zaidi ya unavyofikiri, kwa hiyo ukilishinda kwa nguvu utasafiri kwa raha na kufika umenuniwa.

Lililonigusa mimi ni lile la kuendesha, na umelisema kwa mstari mmoja tu. Una leseni mwaka wa nne, akacheka, ukanyamaza. Je ungekuwa tayari kweli? Maana usukani wa Dar na wa njia kuu ya malori si kitu kimoja na Kitonga sikushauri uanzie hapo. Ila kuna wikiendi nyingi kabla ya Desemba. Mnaweza kwenda Bagamoyo au Chalinze na watoto wote, wewe ukaendesha kwenda na yeye akaendesha kurudi. Hiyo ingekuwa pia safari ya majaribio kwa watoto. Ubaya wake ni kwamba akikukosoa kila kona itakuwa ugomvi mwingine, kwa hiyo mkubaliane kabla. Uzuri ambao hujautaja ni kwamba wewe ukiwa mbele, yeye atakuwa nyuma na watoto watatu kwa masaa mawili. Wala simtakii mabaya, ni vile kuna mambo mtu hayajui mpaka ayakalie.

Kuhusu uongo wa likizo sitakukataza, wewe ni mtu mzima na najua umechoka. Nakuuliza tu: wifi zako wakijua? Na kama Mungu akimchukua mama mwaka huo huo, utauweka wapi huo uongo? Kutokwenda mwaka mmoja kwa kusema ukweli ni kitu kingine kabisa. Unaweza kumwambia, "Mume wangu, safari ile iliniumiza, mwaka huu naomba tutafute njia nyingine." Bibi naye anaweza kuja. Juni na Julai Njombe ni baridi kali, wazee wengi wa huko wanafurahi kushuka Dar miezi hiyo, ila kwa presha yake lazima daktari wake aseme kwanza, na hamuwezi kumsafirisha yeye kwa mtindo mliosafirishana nyinyi. Au mwende Januari wiki ya kwanza barabara ikiwa imepungua, mkose Krismasi yenyewe lakini mkae na bibi ametulia na wageni wameondoka. Shule tu ndo itawabana kwa huyo mkubwa.

Kuna jambo moja ambalo kwenye njia yoyote ya gari silileti kama chaguo, nalo ni kupakata. Mtoto aliye mikononi, gari likifunga breki kwenye mwendo wa 80, mikono ya mama haimzuii hata ungekuwa na nguvu kiasi gani. Na wale wawili waliolala bila mkanda vile vile. Tafuteni viti vya watoto vya gari, mdogo akae kwenye kinachoangalia nyuma kama uzito wake bado unaruhusu, na hicho kisiwekwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa. Bei ya vipya inauma, najua, mitumba ipo, ila kagua mikanda na vifungo na umuulize muuzaji kama kimeshapata ajali, asipokuwa na jibu la kueleweka acha. Kama bajeti inagombana kati ya gesti na viti, mimi ningeanzia kwenye viti.

Vingine ni vya kutayarisha tu. Mfuko wa kutapikia usiutegemee, ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na ya kitambaa inavuja, beba ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri yenye mfuniko, ikae miguuni kwa dada mtu. Poti ya wa kiume iwe ndani ya gari, dumu la maji ya kunawa, na nguo seti moja moja kwenye mkoba wako, siyo kwenye buti. Asubuhi wale kitu kikavu kidogo kidogo, mkate, ndizi, kiazi cha kuchemsha, maji kwa funda. Chips msubiri mkiwa mmeshapanda mlima. Kabla ya Kitonga washuke wakae hata nusu saa, mkipanda simu zote zizimwe, dirisha lifunguliwe kidogo na binti akae pale anapoweza kuangalia mbele kwa mbali. Huko juu ni baridi, masweta yawe karibu. Na pale mnaposimama Morogoro au Mbuyuni, lile joto msiwaache garini hata dakika tano mkisema tunakuja sasa hivi.

Na hiyo njia jamani ni nzuri mno kwa mtoto, inaniuma kwamba wanao wameijua kama ya kutapika. Milima ya Uluguru inaanza kuonekana mnapokaribia Morogoro. Ndani ya Mikumi barabara inakatiza hifadhi kama kilomita 50, mwendo wenyewe ni wa taratibu kwa sheria, twiga na pundamilia wanaonekana dirishani, mkiwa na bahati tembo. Msishuke na nyani msiwarushie chakula, ila hesabuni: dada ahesabu twiga, kaka ahesabu nyani. Baadaye ni mibuyu, haihesabiki. Kisha kitendawili, tega, na paukwa pakawa, hata baba yao akiwa anaendesha mdomo wake haujafungwa, akawahadithie alivyokuwa anachunga au anachuma matunda ya porini huko kwao. Wa miaka sita anaanza kusoma, msomeshe namba za malori, ya Tanzania, ya Zambia, ya Malawi.

La kumwambia mumeo kuhusu ile dawa nakuachia wewe. Ukimwambia, atajua siku ile ilifika mahali gani kweli, na huenda ndo kitakachomfanya asikie. Anaweza pia kukugeuzia kibao. Wewe ndo unamjua akishtuka anakuwaje. Kama unaona bado, mwambie angalau maneno yake yalivyokuuma, hilo halina siri ndani yake.

Na binti yako, hata kabla hamjaamua chochote, msaidie na bibi yake. Jioni moja piga simu Njombe, umfundishe aseme "kamwene", ile salamu ya kwao, muwashe video bibi amwonyeshe parachichi za pale uani na amuulize anataka kuja kuchuma lipi. Aongee naye mara kwa mara kati ya sasa na Desemba, mkienda au msipokwenda.